Hita ya Gari la Muhanad

Chumbageni, Tanga
21 Aprili 2024

Mpwa wangu Siham binti Muhanad,

Salamu hizi zikuingie kabla baridi ya huko haijakuingia. Sisi tu wazima. Mama yako mzima, kifua kinamkoroma kidogo alfajiri, lakini mdomo wake hauna maradhi. Mvua imetupiga tangu Shawwal iandame, ukuta wa choo cha nyuma umelala chini, na paka wa jirani kazalia juu ya kanzu yangu ya Idi. Kanzu nimeitupa. Sisali mimi na nguo ya uzazi wa paka.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu umenikatia simu mara nne, bibi wewe. Nikianza tu kueleza jambo kwa urefu wake, mara "mjomba, mtandao", mara "mjomba, daktari kaja". Haya, barua kata tukuone. Nampa Safari, yule kondakta wa basi la Lushoto mwenye pengo, na majibu umpe yeye.

Neno lenyewe ni hili. Daktari wako kakwambia ulale mpaka ujifungue, kwa hiyo hutashuka kuja kuzalia kwa mama yako kama wanavyofanya wanawake wenye kwao. Basi mama yako kaamua kupanda yeye. Na basi hapandi: kona za Soni alizitapikia mwaka ule mpaka utingo akashuka akasema atatembea kwa miguu. Kasimama mlangoni kaniambia, "Himyar, nitakwenda kwa gari ya mume wangu, au siendi."

Gari ya baba yako! Ile ndogo ya Kijerumani, ya mashindano, milango miwili, injini matakoni, haitiwi maji kama gari za watu, inajipoza kwa upepo. Marehemu alimpeleka mama yako fungate Lushoto kwa gari ile, mwezi wa saba, hita inawaka, na mpaka leo anasimulia joto lile la miguuni kama wenzake wanavyosimulia Makka. Na hiyo hita ndiyo shida. Haifanyi kazi tangu baba yako afariki. Kumpandisha mama yako Lushoto mwezi wa saba na kifua kile, bila hita, ni kumpeleka kuzikwa.

Nimekwenda Pongwe kuitazama bandani. Siham, nilitema mate mpaka koo likakauka. Kuku wamefanya nyumba. Popo wamenyea usukani. Kiti cha baba yako kimeota uyoga mweupe, laini, kama masikio ya maiti. Nduguze waliokabidhiwa gari ile hawajui kutunza kitu ila tumbo.

Lakini usihofu, mjomba wako yupo. Injini ile naijua kuliko walioiunda. Mwaka fulani kule Mkwaja nilikausha papa mzima juu yake, kichwa mpaka mkia, na Mjerumani mmoja mtalii aliyeshuhudia alivua kofia akalia. Fundi Yona atanishikia spana. Hita itawaka.

Mjomba wako,
Himyar


Lushoto
6 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Barua imefika, ingawa Safari kaifungia chapati. Mkweo Nawaf anakusalimu. Ukungu haujaondoka juma zima, nguo hazikauki, zinanuka kama mbwa. Mtoto anageuka vizuri. Daktari anasema katikati ya Julai, na nisishuke kitandani ila kwa lazima.

Samahani kwa kukukatia simu. Mara moja ilikuwa mtandao kweli.

Mjomba, Nawaf ana rafiki mwenye gari la kawaida, zima, na hita yake nzima. Yuko tayari kumfuata mama mpaka mlangoni. Naomba tufanye hivyo. Mambo ya popo na uyoga usiniandikie tena, hali yangu unaijua.

Na kama utashikilia, basi nijibu jambo moja bila hadithi. Bomba la ekzosi likoje? Gari lile halina maji, kwa hiyo joto lake linatoka kwenye bomba la moshi lenyewe. Hewa inapitishwa katika sanduku la bati linalolifunika bomba, inapata moto, ndipo inaingia ndani ya gari. Baba alinionyesha nilipokuwa mdogo. Bomba likitoboka, hewa haiji peke yake.

Mama nimwambie mimi, au utamwambia wewe?

Siham


Chumbageni, Tanga
23 Mei 2024

Mpwa wangu,

Tumepata barua yako na tumefurahi kusikia mtoto anageuka. Mimi tumboni nilijigeuza mara nyingi hata mkunga akadhani ni pacha. Mama yako anakufumia mtandio wa mtoto. Ukuta wa choo bado umelala.

Huyo rafiki wa Nawaf namjua. Anaendesha huku anachezea simu. Dada yangu hapandi gari ya mtu asiyetazama njia.

Umeuliza bomba likoje. Bomba lipo.

Sasa sikiliza kazi. Wewe mjamzito, ruka hapa kidogo. Joto linapita kwenye mfereji wa bati chini ya mlango, kila upande mmoja. Yona akaingiza waya mrefu, akavuta. Vikaja vitambaa vya kiti. Yakaja manyoya ya kuku. Kisha wakaja panya, Siham, ukoo mzima, babu mpaka vitukuu, wengine wamekauka kama dagaa na wengine bado wabichi. Yona akapiga ishara ya msalaba akaenda kutapika mgombani. Ptu! Nikawatoa kwa mikono yangu hii. Nimeoga kwa sabuni ya mche, kwa ndimu na kwa majivu, na bado nikila wali nawasikia vidoleni.

Tukawasha injini. Nikavuta kile kishikio chekundu katikati ya viti. Joto likaja! Lakini likaja na uvundo wa mikojo ya panya iliyokaangwa, na juu yake ukali mwingine wa moshi na mpira, unaouma macho. Yona akasema masanduku yameliwa na kutu, na bomba lina matundu ya kupita kidole, hayafai, yaagizwe mapya Ujerumani. Ujerumani! Nikakata madebe ya samli, nikayakunja, nikayafunga kwa waya, nikaziba kwa udongo wa jiko. Kazi ile Mjerumani akiiona atarudi shule.

Ule ukali ukapungua, haukwisha. Nikakaa nikafikiri kama mtu mwenye asili yake. Sisi nyumba ikinuka tunafanyaje? Nguo ikinuka? Tunafukiza! Nikachukua udi wa mama yako, ule mzito ulioletwa kutoka Maskati, na ubani, nikatia katika kopo nililolitoboa, nikalichomeka kwenye mdomo wa mfereji. Joto likija, udi unafuka wenyewe. Siham, ukifungua hita sasa ni kama umeingia chumba cha bibi harusi. Ule ukali wote umekwisha. Pua haioni kitu.

Mama yako alipokaa mle akanusa, akafumba macho, akasema, "Muhanad." Basi mimi nikatoka nje kidogo.

Himyar


Lushoto
30 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Sina habari za nyumbani leo. Nimesoma barua yako nikatapika, na safari hii si mimba.

Ule ukali uliokuuma macho ndio uliokuwa mlinzi wako. Moshi wa gari una sumu isiyonuka na isiyoonekana. Vinavyonuka ni vitu vingine vinavyotoka pamoja nayo, na ndivyo vinavyomwamsha mtu afungue kioo. Wewe vile umevifukizia udi. Sumu imebaki palepale, ila sasa inanukia. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala vizuri, haamki. Hili nalifundisha darasani kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wanacheka wakidhani ni hadithi.

Mama asiingie humo. Toa kopo. Ziba hiyo mifereji. Nimempigia simu, anasema "salama, mwanangu, tulia". Najua mjamzito haambiwi neno baya. Kwa hiyo kwake sitapata kitu, na wewe ndiye wa kuniambia ukweli.

Nijibu kwa basi la kesho.

Siham


Chumbageni, Tanga
12 Juni 2024

Siham binti Muhanad,

Barua yako sijaiona. Nimemwuliza Safari, anasema labda imo kwenye buti la basi chini ya magunia ya dagaa, atatafuta akipata nafasi. Mtu yule ningekuwa mimi ndiye mwajiri wake angekwishakuwa mkulima.

Huku wazima wote. Mtandio umekwisha, wa kijani. Ukuta wa choo nimeusimamisha, umelala tena.

Gari tumeijaribu! Tulikwenda Maramba kwenye taazia, mimi na mama yako. Mvua ya kupasua mapipa, vioo juu, hita wazi, udi unanukia. Hatujafika nusu ya njia mama yako kalala kama kitoto. Mashavu mekundu kama mwari. Nikasema moyoni, kifua kile kimepata dawa.

Mimi kichwa kilinigonga, kwa sababu asubuhi sikunywa kahawa. Mbele kidogo nikaona barabara mbili. Nikachagua iliyo nzuri, ikawa ni shamba la mihogo la mtu. Dereva mwingine angeitia gari mtaroni. Mimi niliitia kwenye mihogo, kwa ustadi, bila kuvunja hata taa, na mwenye shamba akasema hajapata kuona.

Mama yako hakuamka kwa mshtuko ule. Ana usingizi mzito siku hizi. Wale watu wakamtoa, wakamlaza kwenye majani kwenye mvua, wakampepea. Nilimwita. Nilimwita sana, maana watu wa pale walikuwa wazito wa kusikia. Baadaye akafumbua macho akatapika juu ya kanga yake mpya, na juu ya viatu vyangu. Nimekirihika, viatu nimeviacha hukohuko. Alikula kamba wa jana, ndiyo sababu.

Kaniambia usiambiwe, kwa hiyo sijakuambia.

Himyar


Lushoto
17 Juni 2024

Mjomba,

Idi njema. Nawaf kachinja, nyama imejaa nyumba nzima, nami siwezi kuitazama.

Si kamba. Unajua si kamba. Mama alikuwa anakufa karibu yako na wewe unasifu mashavu yake. Leo nimekuchukia, Mungu anisamehe, na nimechukia kila neno la barua yako, papa wako, Mjerumani wako na ustadi wako.

Nimempigia simu mama, nikamwambia Nawaf anakuja kumchukua kwa gari la rafiki yake. Amekataa. Unataka kujua kasema nini? "Pongwe nzima inajua ndugu yangu ananitengenezea gari. Nikipanda la watu, Himyar uso wake atauweka wapi?" Nikamwuliza kuhusu Maramba. Akaniambia, "Maramba mvua ilinyesha." Basi.

Anakubali kufa ili wewe usiaibike. Na wewe unamwacha.

Barua yangu ya mwisho wa Mei itafute kwenye hayo magunia. Isome mpaka mwisho.

Siham


Chumbageni, Tanga
26 Juni 2024

Kwa Siham,

Safari kaniletea barua zako mbili kwa pamoja, moja inanuka dagaa na nyingine inanuka adabu mbovu. Nimezisoma zote. Sikujua kwamba siku hizi mwanamke akisoma shule anamwandikia mjomba wake kama anavyomwandikia mwizi wa kuku. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kukupeleka hospitali ulipomeza kifungo, na nilikimbia mpaka gari la wagonjwa likaniomba njia. Hilo hukuliandika.

Habari za nyumbani ni nzuri. Mama yako anasalimu.

Kwa kuwa nimetaja kuku. Kwa sababu zangu mwenyewe nilimfungia kuku mmoja garini, vioo juu, injini inanguruma, hita wazi, udi wote ndani. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi kafa. Ni kideri, kimeingia Pongwe. Lakini Yona mbishi, akaleta mwingine, mtetea mzima, mkali, aliyekuwa akimdonoa kila mtu. Naye kideri kikamshika palepale. Alianza kwa kusinzia. Anainamisha kichwa, anakiinua, anakiinamisha, na mimi nje ya kioo namtazama. Vibudu vile nilivizika mwenyewe, nikanawa, nikanawa tena, na tangu siku hiyo harufu ya udi ikinipita barabarani navuka upande wa pili. Mama yako alifukiza chumba Alhamisi, nikalala barazani na mbu. Sijui kitu gani kimenipata, nadhani ni mafua.

Halafu kuna swali, si langu, ni la Yona. Yona ana shangazi yake. Anauliza hivi: mtu akilala mara moja kwa moshi wa namna hiyo, kisha akaamka, je, kuna kitu kinabaki ndani mwake? Maana huyo shangazi juzi kasahau sufuria motoni mpaka ikayeyuka. Yona hapati usingizi kwa jambo hilo. Mjibu, kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Tutaondoka Ijumaa ya kwanza ya Julai, baada ya sala. Kwa gari ile ile. Nimekwishasema mbele ya watu.

Himyar


Lushoto
1 Julai 2024

Shikamoo mjomba,

Nimepokea, na nimeisoma mara nyingi. Niliyoandika siku ya Idi yalikuwa makali, nami ni mtoto wako. Huku tu wazima. Tumbo limeshuka, wanawake wa hapa wanasema mtoto wa kike.

Mwambie Yona kwamba swali lake ni zuri. Shangazi yake ampeleke kwa daktari kabla ya siku ya safari, amweleze kila kitu bila kuficha, apimwe. Kwa kawaida mtu akitolewa mapema kwenye hewa safi, sumu ile humtoka. Kuhusu sufuria asihofu sana: shangazi huyo alikuwa akiunguza sufuria tangu mimi nasoma darasa la pili, na babu akimwambia angeolewa na zima moto.

Tena mwambie Yona, akitaka kumsafirisha shangazi yake milimani kwa gari la aina hiyo, aitenge hita kabisa. Si kuifunga kwa kile kishikio tu. Aingie chini, akate, azibe midomo yote ya mifereji kwa bati na udongo, nyuma na mbele. Vioo viwe chini njia nzima, hata mvua ikinyesha. Shangazi avae soksi mbili, avikwe mablanketi, awekewe chupa za maji moto miguuni. Baridi itamkoholesha. Kikohozi tunakijua dawa yake.

Haya ni ya Yona, ambaye ni fundi kijana na ana haja ya kuelezwa. Wewe mjomba hayakuhusu, unayajua.

Nitawangoja dirishani.

Siham


Chumbageni, Tanga
21 Julai 2024

Mpwa wangu, mama Ghanima,

Kwanza hongera tena, na mtoto wetu akuzwe na Mwenyezi Mungu. Kumpa jina la bibi yake umefanya jambo la watu wenye kwao. Sura yake nilipomtazama ni yangu mimi, hasa paji la uso. Nimewaambia wote Pongwe.

Mimi tangu nirudi nimelala. Nakohoa makohozi ya rangi ambazo sijapata kuziona, Yona anasema ya kijani, mimi naona yana buluu. Lushoto yenu siitaki. Mji gani mtu akipumua anajiona? Na yale mapeasi yenu ni kama kutafuna mchanga uliotiwa sukari. Mwache mama yako akae mpaka arobaini yako iishe, kisha huyo rafiki wa Nawaf amlete. Nimemsamehe.

Nawaf kaniuliza mlangoni, mbele za watu, mbona vioo vilikuwa chini na mimi nimevaa shati tupu. Kijana yule haoni. Vioo vilikuwa chini kwa sababu hita ilizidi. Joto mle ndani lilikuwa la kuoka mkate, mpaka nikamvulia mama yako koti langu aliweke pembeni, akaamua kulivaa. Mablanketi yale yalikuwa mapambo. Na wewe uliniona toka dirishani meno yanagongana, ukaziba mdomo. Nilikuwa nasoma nyiradi.

Gari niliyowaachia hapo, chini yake usimruhusu mtu kuingia kutazama. Hakuna cha kutazama.

Nina lalamiko moja tu, na ni juu ya mama yako. Mwanamke yule hafai kusafiri naye. Hatujatoka Muheza anataka kusinzia! Daktari wa hapa alikwishasema hana kitu, mzima, lakini mimi naendesha natazama njia kwa jicho moja, jicho la pili linaona kichwa chake kinainama. Nikamwuliza jina la shangazi yetu aliyezikwa Mkwaja. Akanitajia. Nikamwuliza bokoboko linapikwaje, tangu kuloweka ngano. Akanieleza, kwa hasira. Nikamwuliza harusi yake walikuja nani na nani, na kila mmoja alivaa nini. Tulipofika Mombo akaniambia, "Himyar, umeingiwa na nini leo, niache nipumzike." Nikamwambia mwenye kutaka kupumzika ashuke atembee.

Kona za Soni maswali yakaniishia. Ukungu umeingia kwa vioo vyote viwili, uso wake siuoni, na pale alipo pamenyamaza. Nikamwambia, "Dada, basi nitukane."

Akasema, "Nikutukane nini?"

Nikamwambia, "Lolote. Ila usinyamaze."

Siham, alinitukana mpaka mlangoni kwako, na hakurudia tusi hata moja.

Mjomba wako,
Himyar